Usiniache Nilale

Rixt aliingia bila kubisha hodi, akafunga mlango nyuma yake. Hapo hapo Fenna Dijkema akajua kuna jambo, maana mlango wa ofisi ile haukuwa na desturi ya kufungwa.

"Ile damu uliyotoa juzi," Rixt alisema. "Ile ya kulinganishia. Ya watu wazima wasio na ugonjwa."

"Imemwagika?"

"Heri ingemwagika." Rixt hakukaa. "Nimeipima. Nikasema nimeharibu mwenyewe, nikaipima tena. Nikasafisha mashine, nikarudia. Fenna, ile si damu ya kulinganishia. Ni damu ya mgonjwa."

Fenna alicheka. "Umechanganya vichupa."

"Mimi?"

Neno hilo moja lilitosha. Rixt alikuwa fundi wa maabara, mwanamke wa jimbo la Friesland mwenye mikono mikubwa na maneno machache, na kwa miaka yote waliyofanya kazi pamoja hakuwahi kuchanganya hata vikombe vya kahawa. Kazi yake ilikuwa kuchukua seli za watu na za maini ya panya na kupima kasi ya vimeng'enya vilivyomo, kimoja baada ya kingine. Kazi ya Fenna ilikuwa kuzichukua kasi hizo na kuzitungia milinganyo, kisha kuiunganisha milinganyo hiyo ndani ya kompyuta hadi ipatikane modeli ya ini zima linavyochoma mafuta.

Mwili ukikaa na njaa, ini ndilo linalouokoa. Huyachukua mafuta na kuyakata vipande vipande, na kila kipande hupitia mikononi mwa vimeng'enya vilivyojipanga kama wafanyakazi kiwandani, huyu akimpokeza yule. Kila kimeng'enya kina mwendo wake. Ukikiletea kazi kidogo, kinafanya kidogo. Ukikiongezea, kinaharakisha, lakini hufika mahali ambapo hata ukikirundikia namna gani, hakiwezi zaidi ya hapo. Hayo yote Fenna aliyajua kwa hesabu. Alijua pia kwamba wapo watu wanaozaliwa na kimoja cha vimeng'enya hivyo kikiwa kibovu. Mtoto wa namna hiyo hunyonya, hucheka, hukua vizuri kabisa. Halafu siku moja anapata homa kidogo, anakataa kula, analala, na haamki.

Siku hizi kila mtoto anayezaliwa Uholanzi hutobolewa kisigino, na tone lile la damu hufichua ugonjwa. Fenna alizaliwa kabla ya kipimo hicho kuanza. Alikuwa amepita arobaini, ana nguvu, anaendesha baiskeli mvua na jua, na kwa miaka sita alikuwa akitunga hesabu za ugonjwa ambao, sasa anaambiwa, alikuwa nao mwenyewe.

"Daktari Kalsbeek anakungoja juu," Rixt alisema. Akafungua mlango, akasita. "Umekula leo?"

"Bado."

"Kula kwanza. Nitasimama hapa mpaka umalize."

Daktari Kalsbeek, aliyewatibu watoto wenye ugonjwa ule tangu Fenna hajaajiriwa, hakuzunguka. Usikae na njaa, alimwambia. Usiruke chakula cha asubuhi. Na ukianza kutapika, usikae nyumbani kujipima na kujipa moyo. Njoo hospitali, uwekewe dripu ya sukari, mengine tutaongea baadaye. Akampa kimashine kidogo cha kupimia sukari kidoleni, kisha akamwonya asikitegemee sana.

"Najua," Fenna alisema.

"Unajua kwa hesabu. Nataka ujue kwa miguu. Ukitapika, unatembea, unakuja. Una ndugu?"

"Mimi ni mtoto wa pekee." Fenna akakizungusha kimashine mkononi. Kisha akasema, "Nilikuwa na dada. Alikufa kabla sijazaliwa. Alikuwa mchanga. Alikufa usingizini."

Daktari aliliandika hilo bila kuuliza zaidi. Hakukuwa na haja.

Jina la dada huyo lilikuwa Menna, na nyumbani kwao halikuwa likitajwa. Fenna alilisikia mara ya kwanza shuleni, kutoka kwa mtoto mwingine: mama yako alimziba pumzi mtoto wake kwa mto wa kulalia, bibi yangu alimwona. Bibi huyo alikuwa Wubbina, jirani wa nyumba ya pili, aliyeingia mbio asubuhi ile Eltje, mama yake Fenna, alipopiga kelele, akaona mto ndani ya kitanda cha mtoto, akaibeba habari ya mto huo kwa mdomo mpaka kwa muuza mikate. Polisi wa kijiji alikuja, akauliza maswali akiwa ameshika kofia, akaondoka. Hapakuwa na kesi. Kulikuwa na macho tu, kanisani, dukani, njiani. Eltje hakuhama. Aliacha kuongea na nyumba ya Wubbina, basi, na mume wake alikufa baadaye bila nyumba hizo mbili kuamkiana hata "moi", ile salamu fupi ya barabarani.

Fenna alipozaliwa, mama yake hakumwacha alale kama watoto wengine. Alimwamsha usiku kumlisha uji wa maziwa, akamlisha tena alfajiri. Hata alipokuwa msichana mkubwa, Eltje angepanda ngazi na kipande cha mkate na siagi, asimame hapo mpaka kimalizike. Watu walimcheka. Fenna mwenyewe alimwonea haya. Siku ile, akishuka kutoka kwa daktari, aliishikilia reli ya ngazi na kuanza kuelewa kwa nini alikuwa hai.

Jumamosi alipanda treni hadi mji wa Winschoten, kisha basi la kijijini, kwenda kumwambia mama yake.

Hakumwambia. Eltje alikuwa amepika supu nzito ya njegere, ile inayosimamisha kijiko, na mkate mweusi na nyama ya mafuta. Kila Fenna alipofungua mdomo, mama alikuwa na habari nyingine: nani kauza shamba, mchungaji mpya anavyoimba kama jogoo mgonjwa.

"Mbona unanitazama hivyo?" Eltje aliuliza. "Nimeota pembe?"

"Nataka kukuambia jambo, mama."

"Una mwanamume."

"Sina."

"Basi litangoja kesho. Kula."

Fenna alikula. Alikuwa na uzito mwingine pia kifuani, wa kazini. Modeli yake ilikuwa imetoa jambo ambalo hakuna aliyelitaka. Kila mtu alitarajia kwamba katika ugonjwa ule nguvu za mwili zingepungua polepole, kama mtu anayeteremka kilima. Mstari wa Fenna haukuteremka. Ulikwenda sawa, ukaendelea sawa, halafu ukadondoka wima. Sababu aliiona ndani ya milinganyo: vipande vya mafuta husafiri vikiwa vimepandishwa juu ya vibebeo, na vibebeo hivyo si vingi. Penye kimeng'enya kibovu vipande hukwama, vikakwama na vibebeo vyake. Njaa inavyozidi, ini husukuma mafuta zaidi, na kinachosukumwa kinakwenda kukwama palepale. Kwa muda wote huo sukari ya damu inaonekana nzuri. Kisha kibebeo cha mwisho kinakamatwa, na mstari mzima wa kazi unasimama kwa pamoja.

Profesa Wessel Haan, mkuu wake, aliutazama mstari huo na kutikisa kichwa. "Mwili wa mtu hauanguki hivyo, Fenna. Kompyuta ndizo zinazoanguka hivyo. Tafuta kosa." Alikuwa amelitafuta miezi kadhaa. Hakuliona, na kwa kuwa hakuliona alianza kuamini kwamba lipo.

Jumapili aliamka tumbo likimchafuka. Alitapika kabla hajafika chooni, akatapika tena, kisha akakaa sakafuni akiegemea beseni, jasho jembamba likimtoka. Kulikuwa na ugonjwa wa tumbo mjini wiki ile. Nusu ya watu wa maabara walikuwa kitandani.

"Ndiyo hiyo supu," Eltje alisema mlangoni. "Au ndiyo hao wenzako wa mjini wasionawa mikono."

"Mama, nipeleke hospitali."

Eltje alicheka, akamwonyesha dirisha. Mvua ilikuwa imenyesha juu ya ardhi iliyoganda, na kila kitu nje kilikuwa kimefunikwa kioo cha barafu: barabara, uzio, nyaya za umeme, kila jani la nyasi. Baiskeli iliyoachwa ukutani ilikuwa imenata na ukuta. Redioni walikuwa wakiwaambia watu wa kaskazini wasitoke nyumbani kwa sababu yoyote ile.

Fenna alipiga simu ya dharura. Mwanamke mwenye sauti ya upole alimwambia kwamba gari la wagonjwa lililotumwa upande wao lilikuwa limeteleza mtaroni, na jingine lilikuwa likingoja gari la kumwaga chumvi barabarani. Je, anapumua vizuri? Anaongea vizuri? Basi atulie, watakuja mara njia ikipitika.

Alitoboa kidole, akatia tone kwenye kimashine. Sukari ilikuwa nzuri, kama ya mtu aliyetoka kula. Kifua kikamtulia. Akajaribu kunywa sharubati tamu, ile wanayochanganyiwa watoto na maji. Ikakaa kidogo, ikarudi. Akapima tena. Bado nzuri.

"Si unaona?" Eltje alisema. Alikuwa amemlaza kwenye kochi la sebuleni, karibu na jiko, na kumfunika blanketi la sufi. "Kimashine chako chenyewe kinasema uko salama. Funga macho. Usingizi utakutibu."

Na Fenna alitaka sana kufunga macho. Hakuwahi kutaka kitu namna ile. Alilala akitazama dari, akijiambia kwamba sukari ni nzuri, kwamba Wessel ni mtu wa akili, kwamba modeli ni modeli tu na ilijengwa kwa vipimo vya maini ya panya. Alijiambia hivyo hadi akakaribia kusinzia. Kisha akauona mstari wake. Haukuwa ndoto, aliuona kama ulivyokuwa kila siku kwenye kioo cha kompyuta, ukienda sawa, sawa, sawa. Naye alikuwa juu yake. Hivi ndivyo inavyokuwa ukiwa pale juu, alifikiri: kila kipimo kinakwambia uko salama.

Kama kulikuwa na kosa katika hesabu zake, angekuwa amemtisha mama bure. Kama hakukuwa na kosa, alikuwa na muda mchache wa kuongea, na hakujua ni mchache kiasi gani.

"Mama. Kaa hapa."

"Nimekaa."

"Mama, Menna hakufa kwa sababu yako."

Eltje alikunja uso. Aliinuka, akachukua beseni, akaliweka chini tena. "Usimtaje Menna," alisema kwa sauti ndogo. "Unaumwa, nakusamehe. Lakini usimtaje."

"Lazima nimtaje." Ulimi ulikuwa umeanza kuwa mzito, na Fenna alisikia maneno yake yakitoka kama ya mlevi. "Ni ugonjwa. Ulikuwa kwenye damu. Yangu pia. Nimepimwa. Alikuwa na homa, si ndiyo? Hakutaka kunyonya."

"Nani kakwambia?"

"Hesabu. Mama, nisikilize. Nikilala sitaamka. Nitaonekana nimelala tu. Nitakuwa na rangi nzuri. Usiniache nilale."

Eltje alimtazama mwanawe, na Fenna akaona kwamba mama ameelewa; si vibebeo na vimeng'enya, bali lile neno moja, kulala. Alikuwa ameuona usingizi huo.

"Mwite mtu," Fenna alisema, au alidhani amesema. Hilo ndilo jambo la mwisho alilolikumbuka mwenyewe. Yaliyobaki aliyapata baadaye, kidogo kutoka kwa mama, na zaidi kutoka kwa Derk, mwana wa jirani.

Eltje alimkalisha kwa nguvu. Alimpiga mashavu. Alimmiminia sharubati mdomoni, na ilipotiririka kidevuni akachovya kidole kwenye bakuli la sukari na kumsugua fizi, akimwita kwa jina, akimtukana, akimwita tena. Fenna alifungua macho akasema kitu kuhusu mstari, akayafunga. Eltje alipiga simu ya dharura, na sauti ya upole ikamwambia bado wako njiani.

Ndipo alipovaa soksi za sufi juu ya viatu, maana sufi hushika barafu, akatoka.

Nyumba aliyoiendea ilikuwa ile ya pili. Ndiyo iliyokuwa na trekta. Alianguka kwenye ngazi yake mwenyewe kabla hajafika barabarani, akaumia mkono, akaona kusimama ni kupoteza wakati. Sehemu iliyobaki aliitambaa kwa magoti, mwanamke wa zaidi ya sabini, akipita mbele ya madirisha ya watu. Alipofika hakuweza kuinuka kufikia kengele, akaupiga mlango kwa kiganja, chini, kama mtoto.

Wubbina ndiye aliyefungua. Alikuwa amezeeka sana, ameshika kigari chake cha kutembelea. Alimtazama Eltje aliyekuwa kizingitini kwa magoti.

"Mwanangu amelala," Eltje alisema. "Haamki."

Derk, ambaye alikuwa mwana wa Wubbina na mrithi wa shamba, alikuwa jikoni akinywa kahawa. "Mama alishika ukuta kama aliyepigwa," Derk alimsimulia Fenna baadaye. Wubbina aligeuka, akamwambia, "Trekta. Sasa hivi."

"Barafu hii, mama? Tutaingia mferejini."

"Basi ingieni mferejini," Wubbina alisema, "lakini mkiwa njiani."

Derk alifunga minyororo kwenye matairi, akatandika marobota ya majani makavu kwenye tela na turubai juu yake, akampakia Fenna kama mzigo wa viazi. Eltje alipanda naye, akamkumbatia kichwa kifuani, akiendelea kumsugua sukari mdomoni na kumpigia kelele sikioni. Walikwenda mwendo wa mtu anayetembea. Mara mbili tela liliteleza kando likaning'inia juu ya maji, na Derk alishuka akasukuma majani chini ya matairi kwa mikono. Kwenye barabara kuu, nyuma ya gari la chumvi, gari la wagonjwa lilikuwa linakuja.

"Ana nini?" mhudumu aliuliza akiruka chini.

Eltje hakujua jina la ugonjwa. Alisema alichojua. "Mafuta yamemkwamia. Mtie sukari. Usipime, mtie!"

Mhudumu alipima hata hivyo, kwa haraka, wakati mwenzake akitafuta mshipa. Kimashine kilisoma namba ndogo mno, akakitikisa akidhani kimeganda kwa baridi. Haikuwa baridi. Sukari iliyokuwa nzuri sebuleni ilikuwa imekwisha, yote, ndani ya safari ya trekta.

Fenna aliamka kwenye mwanga mweupe akiwa na dripu mkononi na mama pembeni, ambaye mkono wake umefungwa bendeji, soksi bado ziko juu ya viatu.

"Wewe mtoto," Eltje alisema, "una mdomo mgumu kufungua kuliko chaza." Kisha akainamisha kichwa kitandani, na mabega yake yakatikisika kwa muda mrefu bila sauti.

Kwa kuwa Daktari Kalsbeek alikuwa ameshaiandikia hospitali kuhusu Fenna, wauguzi walichukua damu yake alipoingia na wakaendelea kuichukua alivyokuwa akipata nafuu. Rixt aliipima yote. Wessel Haan alikuja wodini na kompyuta chini ya kwapa, akakaa kwenye kiti cha wageni, na kwa mara ya kwanza tangu amjue, Fenna alimwona hajui aanzie wapi.

"Umedondoka wima," alisema mwishoni.

"Nimedondoka wima."

"Nilikwambia utafute kosa."

"Lipo," Fenna alisema. "Angalia hapa." Alikuwa ameshaliona. Mstari ulikuwa na umbo lile lile, lakini modeli ilimwangusha mapema mno. Kwa hesabu zake angekuwa amezimia kabla hata ya kumpigia mtu simu. Mwili wake ulikuwa umevumilia zaidi. Walikaa siku kadhaa juu ya tofauti hiyo, Fenna akiwa bado na nguo za hospitali, Wessel akila biskuti za wagonjwa, mpaka Rixt aliposema kwamba mkojo wa Fenna ulikuwa umejaa vipande vya mafuta. Basi ndivyo. Mwili ulikuwa na mlango wa nyuma, ukitoa nje baadhi ya vilivyokwama na kuvikomboa vibebeo vichache. Maini ya panya ndani ya vichupa hayakojoi. Hakuna aliyeutia mlango huo ndani ya milinganyo.

Walipoutia, ukingo wa kudondokea ulisogea mbele. Haukuondoka.

Eltje alingoja na swali lake mpaka waliporudi nyumbani, barafu imeshayeyuka na mashamba yamegeuka tope. Walikuwa mezani. Fenna alikuwa amemweleza yote kwa utaratibu, akichora na kidole juu ya kitambaa cha meza, na mama alisikiliza kama anavyosikiliza mahubiri, bila kupepesa.

"Hiyo kompyuta yako," Eltje alisema. "Ukiiambia uzito wa mtoto, na homa, na mara ya mwisho aliponyonya. Inaweza kusema?"

"Kusema nini, mama?"

"Unajua nini."

Fenna alijua. Alikuwa ameogopa swali hili kuliko ile barafu. "Wakati ule ugonjwa huu ulikuwa haujapewa hata jina. Popote duniani. Daktari bingwa kuliko wote asingejua."

"Sikukuuliza jina. Nimekuuliza kama ningemwamsha."

Jiko lilikuwa likinguruma kidogo. Fenna angeweza kusema modeli ni ya mtu mzima, na ingekuwa kweli. Angeweza kusema hakuna ajuaye, na hilo pia lingekuwa kweli kwa upande mmoja. Alimtazama mama yake usoni, akaona kwamba amedanganywa kwa huruma vya kutosha, na watu wengi, kwa miaka mingi.

"Kama ungemwamsha usiku ule ukamlisha, na akakubali kumeza," alisema, "huenda angeishi. Mpaka siku nyingine kama hiyo. Sijui ngapi."

Eltje alitikisa kichwa taratibu. "Nilisimama mlangoni," alisema. "Nilimsikiliza anavyopumua. Nikasema, maskini, amechoka, mwache." Akakunja ukingo wa kitambaa cha meza. "Kwa hiyo si mto."

"Si mto, mama. Haikuwa mto hata kidogo."

"Mto niliuweka mimi baadaye. Nilipomkuta. Kichwa chake kilikuwa kimelala vibaya." Machozi yalikuwa yakimshuka, lakini sauti yake ilikuwa imara. "Sikuwahi kumwambia mtu. Nani angeamini? Mwisho hata mimi niliacha kujiamini."

Fenna alihamia upande wa pili wa meza, akakaa karibu naye mpaka giza lilipoanza kuingia madirishani.

Wubbina alikuja siku iliyofuata. Walimwona kutoka dirishani akisukuma kigari chake barabarani, akipumzika, akisukuma tena, na keki ya tangawizi imefungwa kwa kitambaa kwenye kikapu cha mbele. Ilimchukua muda. Eltje alimngoja amalize njia yote bila kutoka kumsaidia, kisha akafungua mlango kabla hajabisha.

"Derk kaniambia," Wubbina alisema. "Kuhusu ugonjwa. Eltje, mimi nilisema mambo."

"Ulisema."

"Kwa muuza mikate. Kwa wote."

"Najua ulisema kwa nani. Nilikuwa nikinunua mikate hapo hapo."

Upepo ulikuwa ukipuliza kutoka baharini juu ya mashamba matupu. Bikizee alisimama na keki yake. Fenna, nyuma ya mama, alishikilia mlango wa jikoni, asijue aombee nini.

"Kwa lile trekta nimeshashukuru," Eltje alisema. "Nilimshukuru Derk, na sasa nakushukuru wewe. Ulimsukuma atoke. Hilo sitalisahau." Akavuta pumzi. "Hili jingine, bado. Labda wiki ijayo. Labda sitaweza kabisa. Sitaki kukudanganya."

Wubbina aliitikia kwa kichwa. Alijaribu kugeuza kigari, gurudumu likakwama kwenye ufa wa kizingiti, na mikono yake haikuwa na nguvu ya kulinyanyua. Eltje aliangalia kidogo. Kisha akachukua koti lake kwenye ndoano, akatoka, akalinyanyua gurudumu, akamshika bikizee mkono, kwa mkono wake ulio mzima, na kumsindikiza polepole mpaka nyumba ya pili. Fenna aliwatazama mpaka mlango wa kule ulipofunguliwa, na aliona mama yake amesimama nje ya mlango huo, hajaingia na hajaondoka.